Neno "Rough" Siku ya Kukamua Ndizi

Mjukuu wangu alinijia na daftari nikiwa nimekwisha kukunja suruali na kunawa mikono, tayari kukamua ndizi. Yuko kidato cha pili. Ameishi nasi hapa Bugarama tangu alipokuwa mdogo, maana mama yake, binti yangu, alikuwa anahangaika na maisha. Sasa binti yangu ameolewa Biharamulo, ametulia, na kesho yake alikuwa anakuja kumchukua mwanawe. Au kumwacha. Kwenye simu alisema, "Baba, nitamuuliza mwenyewe. Akitaka kubaki, abaki."

Mimi nilitaka abaki. Sikumwambia mtu, hata bibi yake.

"Babu, rough ni nini? Mwalimu katupa kazi ya likizo, anataka sentensi, kila moja na maana yake."

Nilifurahi kuulizwa. Kiingereza chetu cha zamani kiliingia kwa fimbo, na kilichoingia kwa fimbo hakitoki. "Isiyo laini," nikasema. "Kama ganda la mti. Kama ulimi wa ng'ombe. Andika."

Akaandika. "Na rough road?"

"Barabara ya rafu. Hii yetu."

"Rough voice?"

"Sauti ya mtu mwenye mafua. Au mlevi."

"Rough game najua mwenyewe, ni kucheza rafu. Na rough estimate?"

Maana yake niliijua: ni pale unapomuuliza mtu shamba lake litatoa maharage kiasi gani, naye anaangalia mawingu kwanza kabla ya kujibu. Lakini makadirio ya maharage na ulimi wa ng'ombe vina undugu gani? Na sisi wenyewe tulikuwa na daftari la rafu shuleni, lenye karatasi laini kabisa, na sikuwahi kujiuliza.

"Mbona hesabu ikwaruze?" nikasema.

"Babu, hesabu zote zinakwaruza." Akacheka. "Mwalimu anasema ni kitu ambacho hakijalainishwa. Njia haijalainishwa, hesabu haijalainishwa, hata mtu anaweza kuwa hajalainishwa."

"Mtu analainishwa na nini? Msasa?"

Alicheka tena, nami nikainamia kazi yangu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko yeye. Nilitaka binti yangu akute mtobe, ile juisi ya ndizi kabla haijawa pombe. Tangu utoto aliupenda. Nilijidanganya kwamba akiunywa akafurahi, ataona hapa ni nyumbani na hakuna sababu ya kumhamisha mtoto.

Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri. Nilizimenya nikazimwaga kwenye gogo letu lililochongwa kama mtumbwi, nikatia nyasi, nikaanza kukanda. Nikakanda. Kwa kawaida baada ya muda nyasi huzikwaruza ndizi, nyama hujikusanya upande wake na maji matamu hujitenga. Safari hii sikuona maji. Niliona uji mzito unaonata hadi kwenye viwiko vyangu, na nyasi zimelegea ndani yake kama mboga. Nilikanda mpaka kiuno kikaniuma, sielewi kosa liko wapi, kazi ambayo nimeifanya tangu ujana.

"Umeleta majani gani haya?" nikamfokea mjukuu wangu. "Ya sungura? Msichana mkubwa hujui nyasi za kukamulia! Huko kwa mama yako utawakamulia nini wageni, soda?"

"Babu, wewe ndiye ulisema..."

"Nyamaza! Unanijibu?"

Alifunga daftari akaenda jikoni. Bibi yake alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua maharage. Hakuinua kichwa.

"Ulimtuma wewe. Ulisema akate zile changa za bondeni, za mlimani zinakuumiza mikono. Nilikusikia."

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu sasa hivi."

Viganja vyangu vimepasuka siku hizi, ni kweli. Nilitafuta ulaini mahali ambapo ukali wa nyasi ndio kazi yenyewe, halafu nikamtwisha mtoto kosa langu. Nilipanda mlimani mwenyewe nikakata zilizokomaa. Nikarudi, nikakanda upya. Mtobe ukatoka, mchafu kidogo, lakini ukatoka.

Kwetu mzee hamwambii mtoto samahani. Baba yangu hakuniambia, nami sijui neno hilo linaanzaje kinywani. Kibuyu cha kwanza cha mtobe huonjwa na mwenye nyumba. Nilikichota nikampelekea mjukuu wangu jikoni. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akasema, "Mtamu, babu." Basi. Sikujua kama ameelewa nilichomwambia kwa kibuyu kile, au kadhani namwonjesha tu.

Kesho yake binti yangu aliletwa na mchomoko, hivi vigari vidogo vinavyojaza abiria wa njia hii.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu unywe."

Alikunywa, akasifu, akaongezewa. Kisha akamgeukia mwanawe bila kuzunguka. "Haya mama, unabaki au tunakwenda?"

Mjukuu wangu alinitazama mimi. Nami nikatazama kuku. "Amalize kwanza kazi ya mwalimu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hakuna aliyeniuliza habari za mwalimu.

"Nakwenda, mama," akasema.

Nilimfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa akianua sare zake kwenye kamba na kuzikunja.

"Ni kwa sababu ya jana?"

"Jana kulikuwa na nini, babu?"

"Nilivyokufokea."

"Aa, wewe babu unafoka kila siku." Alisema kwa kicheko, na kicheko hicho kikanitatiza zaidi. Alikuwa ananisamehe au ananihesabia? "Namtaka mama tu," akaongeza.

"Mimi nilitaka ubaki."

Aliacha kukunja. Alinitazama, sketi ya shule mkononi. "Mbona hukusema?"

Nilifungua kinywa. Dereva wa mchomoko wa kurudi akapiga honi barabarani, mke wangu akaita kwamba gari halisubiri. Nilichukua begi lake nikatangulia mbele, mzigo mzito kuliko nilivyodhani, huku yeye akinifuata akingoja nimjibu.