Pampu Katika Kistoo cha Udi

Hamed Gharib hajapata kuona kitu kilichotengenezwa na mtu mwingine asikitie ila. Mlango ukilia, aliyeutia bawaba hakujua kazi. Feri ikichelewa kutoka bandari ya Malindi, hapa Unguja, angekuwemo yeye isingechelewa. Na haki ya kujisifu anayo, tusimdhulumu: miaka mingi alikaa chini kabisa ya boti za kwenda Dar es Salaam, ndani ya chumba cha injini, na hapana safari hata moja iliyokwama mikononi mwake. Lakini mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na Hamed huiwamba yake kila alasiri barazani, mpaka wenzake wameshaijua kwa moyo. Jambo moja tu halitaji. Injini zile zilimpa pensheni, na masikio zikayachukua.

Anaishi ghorofani, katika nyumba ya babu yake, yeye na mkewe Bi Wafaa. Nyumba ya mawe na chokaa, na kuta zake za nje ni nene, ukinyoosha mkono dirishani vidole havifiki upande wa pili. Hamed anazionea fahari kama kwamba kazijenga yeye. Walikuja watu wa viyoyozi wakataka kutoboa, akawateremsha ngazi. Akaja wa dishi la televisheni, naye akateremka vilevile.

"Ukuta huu haujaguswa tokea babu yangu," aliwaambia, "na mimi nikiwa hai hautaguswa."

Ngazi hizo hizo ndizo zilizomletea balaa. Magoti ya Bi Wafaa yalianza kuuma, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe hazimhurumii mtu. Akawa hateremki ila kwa harusi asiyoweza kuikosa, au maziko. Binti yao Lamya kaolewa Kidichi, ana nyumba ya chini yenye ua mpana, na kila akipiga simu maneno yake ni yale yale: "Mama, njoo ukae kwangu. Huku hapana ngazi." Zamani Bi Wafaa alikuwa akicheka tu. Siku hizi alikuwa akijibu, "Tutaona, mwanangu." Hamed alilisikia hilo, maana simu ilikuwa imefunguliwa sauti yote, na moyo ukampiga pa. Mtu aliyezoea kusema na injini hajui kumbembeleza mkewe asiondoke. Kwa hiyo akanunua tangi la kioo.

Aliliweka sebuleni, mbele ya kiti cha Bi Wafaa, akalitia mchanga mweupe na majani ya majini, kisha akaagizia samaki wa rangi ya dhahabu kutoka Dar. Aliwaza kwamba mkewe akiwa na kitu cha kutazama humu ndani, kinachokwenda na kurudi na kisichobishana naye kama mumewe, pengine nyumba haitamchosha. Na Bi Wafaa aliwapenda wale samaki, alionekana waziwazi. Tatizo likawa mashine. Palikuwa na pampu ya kuwapa hewa na pampu ya kuchuja maji, zote mbili zimekaa juu ya meza kando ya tangi.

"Zinanguruma," alisema Bi Wafaa.

"Hapana kitu kinachonguruma hapa," alisema Hamed, na aliapa kwa dhati, masikini, maana hakusikia chochote.

"Wewe hata adhana huisikii mpaka uwaone watu wanavaa viatu! Mimi kichwa kinanigonga toka asubuhi mpaka nnalala. Baba Lamya, nshachoka. Jumamosi Lamya anakuja na gari, nnakwenda naye."

"Kwa siku ngapi?"

"Ntajua huko huko."

Hamed alikwenda dirishani akajifanya anatazama njia. Alijua kuwa mkewe akishateremka ngazi zile na mkoba, atakayempandisha tena hayupo.

Kando ya sebule kipo kistoo, chumba kidogo kisichokuwa na dirisha, na kati yake na sebule umo ukuta wa ndani tu, mwembamba. Ukuta wa ndani Hamed hauhesabu kuwa ukuta. Alhamisi aliamkia humo na zana zake. Akatoboa tundu nyuma ya tangi, akahamishia kistooni kila kilichokuwa na waya. Chini ya pampu alitandika kipande cha godoro kuukuu ili zisitetemeshe rafu, mipira ya maji na hewa akaipitisha tunduni na kuibana kwa vibano vya bomba kama ilivyobanwa mipira ya meli, na waya akazipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ili tone la maji lisizifuate. Sebuleni likabaki tangi peke yake, maji meupe na samaki wanacheza, mtu asingejua kwamba lina mashine.

Halafu ikabaki kujua kama kelele zimekwisha, na masikio ya kujulia hakuwa nayo. Akawasha, akarudi haraka sebuleni, akamtazama mkewe usoni. Bi Wafaa alikuwa ameegemea kiti, na lile kunjo la katikati ya nyusi, lililokuwapo tokea siku samaki walipoingia, limetoweka.

"Mashaallah," alisema. "Fundi ni fundi."

Miaka yote ya ndoa yao Hamed hakukumbuka kuambiwa neno hilo na mkewe. Alasiri ile barazani wenzake walikoma kwa kumsikiliza.

Sasa, kistoo kile kina kazi yake tokea enzi za mama yake Hamed. Ndimo nguo zinamofukizwa. Umo mti wa kutundikia, chini yake chetezo, na mlango ukifungwa moshi wa udi unaingia ndani ya nyuzi za nguo hautoki wiki nzima. Hamed alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na kwa kulijua sana hakulifikiria. Ijumaa asubuhi Bi Wafaa, kwa furaha ya kichwa kilichopoa, alitoa udi wake mzuri, ule wa kuwekewa wageni, akaifukiza kanzu ya mumewe mpaka ikalewa. Hamed alikwenda kusali Ijumaa ananukia njia nzima, amejinyoosha kweli kweli.

Aliporudi alimkuta Bi Wafaa amesimama mbele ya tangi, magoti na yote.

"Baba Lamya, njoo uwaone. Wanakufa!"

Samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo nje, wanatweta. Hamed alikimbilia kistooni. Pampu inakwenda. Mipira haivuji. Akakaza kilichokazwa, akafungua alichokifunga mwenyewe, na kila alipoona kazi yake haina kosa hofu ilimzidi, maana kosa lisiloonekana utalitengeneza vipi? Jasho likamtoka. Akaivua kanzu akaitupa kitini, akabaki na fulana, akainama juu ya tangi kuangalia viputo vya hewa. Hapo ndipo pua ilipomwambia. Harufu aliyodhani ni ya kanzu yake ilikuwa ingalipo, nayo inatoka ndani ya maji.

Pampu ilikuwa imevuta moshi wa kistooni asubuhi nzima ikawapulizia samaki. Alikuwa amewafukiza kama nguo.

Alizima pampu, akafungua milango na madirisha, akachota maji machafu akatia maji safi aliyoyahifadhi kwenye madumu. Bi Wafaa alimpokeza kata baada ya kata bila ya kukaa. Muda si muda samaki mmoja akashuka chini, wa pili akamfuata, mpaka wote wakarudi kwenye majani.

"Kosa langu," alisema Bi Wafaa. "Basi ntafukizia chumbani. Au nsifukize."

"Kosa langu mimi," alisema Hamed, na neno hilo lilimpita kooni kwa tabu, kwani si njia yake. "Mama yangu kafukizia humo, na wewe utafukizia humo. Fundi hamwondoi mwenye nyumba mahali pake."

Pampu ilitaka hewa ya nje, na nje ilikuwa nyuma ya ukuta wa babu yake. Hamed aliweka kiganja juu ya chokaa ya ukuta ule. Kisha akasema bismillahi, akashika patasi na nyundo. Aligonga mpaka magharibi, na asubuhi ya Jumamosi akaendelea, mpaka mwanga wa uani ukatokea upande wa pili. Akaifungia pampu ya hewa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, akaliunganisha na mpira unaovuta hewa ya uani, na pembeni akaziba kwa chokaa.

Alikuwa bado yumo kistooni, amepauka vumbi, Lamya alipopanda ngazi.

"Shikamoo, Mama. Twende, gari nimeiacha njiani, wananipigia honi."

"Marahaba. Kaa kwanza utazame samaki."

"Mkoba wako uko wapi?"

"Sijafunga mkoba." Bi Wafaa alipaza sauti. Binti alikuwa amekaa karibu yake na hakuhitaji sauti kubwa kiasi hicho. "Baba yako kautoboa ukuta wa babu yake kwa ajili yangu. Wewe unaujua ukuta huu na unamjua baba yako. Mume kama huyu yupi mwengine Malindi nzima?"

"Na magoti yako, Mama?"

"Magoti yatauma popote. Kwako ntakuja kutembea na utanirudisha. Mimi kwangu ni hapa."

Hamed alisikia kila neno. Alisimama gizani, mkono juu ya mpira usiohitaji kushikwa, machozi yanachora njia kwenye vumbi la mashavu yake, na fahari imemjaa kifua, fahari ambayo injini hata moja haikuwahi kumpa. Alingoja mpaka macho yamkauke. Kisha akajifuta uso kwa fulana, akatoka kumpokea binti yake.