Harufu ya Mbarika

Orry Kinvig alikuwa fundi bomba wa Castletown, na wenyeji wa mji huo wangekwambia ni fundi hodari ila bomba linalovuja kuliko yote liko nyumbani kwake. Ni kweli tupu. Bomba la jikoni kwa mkewe Mona lilianza kudondosha matone mtoto wao wa mwisho akiwa shule ya msingi, na mtoto huyo sasa ana wake wa kupeleka shule. Sababu haikuwa uvivu. Sababu ilikuwa bandani, nyuma ya nyumba, zilikokaa pikipiki nne za mashindano zilizoundwa Uingereza kabla Orry hajaota ndevu, kila moja imefunikwa shuka. Na shuka zenyewe ni za Mona, za harusi.

Wapo kisiwani kwetu Man wenye nyingi kuliko yeye. Wapo wenye pesa zao wanaonunua kwa simu, pikipiki inaletwa imeshang'arishwa, wanaiweka sebuleni kama kabati la vyombo. Orry aliwaonea huruma. Yeye za kwake alizitafuta mwenyewe: kila alikoitwa kuzibua choo, aliomba achungulie bandani. Ndivyo alivyoipata pikipiki yake ya Norton, au tuseme nusu yake. Injini aliikuta kwenye banda la kuku kule Ballaugh, imejaa manyoya na kiota cha mkia-mrefu. Kisiwani kwetu mnyama yule mla nafaka wa ghalani hatajwi kwa jina lake, na mimi sitalitaja.

Fremu haikuwepo. Orry alikaa na injini hiyo mpaka mvi zikamwota, ndipo mjane mmoja wa Port St Mary alipomwita kwa ajili ya sinki, na chini ya nyavu za marehemu ikawa imelala fremu yenye namba ileile iliyogongwa kwenye injini. Kwa watu wenye ugonjwa huu, namba zikilingana hiyo ni ndoa; zisipolingana una vyuma tu. Orry aliketi sakafuni akalia. Mjane akadhani sinki limemshinda.

Mona hakuwa mlalamishi. Alikuwa na sheria moja aliyopewa siku za mwanzo za ndoa: asiguse kitu bandani. Hakuambiwa kwa nini, naye hakuuliza. Alichokijua cha mle ndani ni harufu, kwa maana pikipiki hizi hazilainishwi na mafuta ya kawaida. Zinakunywa mafuta ya mbarika, yaleyale tuliyonyweshwa utotoni kusafisha tumbo, na yakiungua yananukia utamu fulani ambao wapenzi wa mbio huuvuta wakiwa wamefumba macho. Harufu hiyo haisikii sabuni. Orry alikuja nayo kitandani, ikalala kwenye mito, na Mona akaizoea kama wanawake wengine wanavyozoea tumbaku.

Sasa, mbarika ina kisirani chake. Haipatani kabisa na mafuta ya kawaida yatokayo ardhini. Ukiyachanganya yanaganda kama uji uliolala, yanaziba njia zake, na injini inakauka huku inakimbia. Kila mtu wa mbio analijua jambo hili, na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna anayelisema.

Mwaka huu nyonga ya Orry iligoma. Pikipiki za aina hii hazina kiki. Unaisukuma mbio, unairukia, unaachia klachi. Madaktari walimwekea nyonga ya chuma, akarudi nyumbani na fimbo, na neno kwamba asahau habari za kurukaruka. Basi akaomba jambo moja. Norton izunguke kisiwa mara moja katika msafara wa pikipiki za zamani, siku barabara zinapofungwa, naye asimame aisikie ikishuka mlimani. Mtoto wa dada yake, Illiam, mwezeka mapaa mwenye utani usiokwisha, ndiye angeiendesha.

Siku ilipofika waliipakia kwenye trela wakaondoka Castletown asubuhi. Walipofika kwenye daraja la wale wadogo, viumbe wasioonekana ambao kwetu asiyewasalimia hupata mkosi, Mona akashusha kioo.

"Hamjambo, wadogo," alisema. "Orry, umesalimia?"

"Nimesalimia."

"Kwa sauti!"

"Mwanamke, hawa si viziwi."

"Mjomba, wasalimie vizuri bwana," Illiam akadakia kutoka kiti cha nyuma. "Atakayekuwa juu ya hilo lichuma lako ni mimi."

Wakasalimia wote watatu. Nalisema hili mapema, asije mtu akatafuta wa kumlaumu pale darajani.

Kule Douglas, penye mwanzo wa mzunguko, Orry alifungua kifuniko cha tangi la mafuta ya kulainishia akachungulia. Kiwango kilikuwa kwenye alama, akadhani Illiam amejaza. Illiam alidhani mjomba amejaza. Wakaipasha moto katikati ya pikipiki nyingine zote, moshi wa huyu ukiingia kwa yule, hata mbwa asingejua harufu ipi imetoka wapi.

"Nikiirudisha na mkwaruzo je?" Illiam aliuliza akivaa kofia.

"Usirudi," Orry akasema, wakacheka.

Ziliachiwa mbilimbili. Zamu ya Illiam ilipofika alisukuma, akaruka, injini ikakohoa mara mbili kisha ikanguruma hadi vifua vya watu vikatetemeka. Orry alifumba macho, akavuta pumzi ndefu kungojea ule utamu. Utamu ulikuja, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kichungu, harufu ya gari la kawaida barabarani. Akafumbua macho. Mona alikuwa amemshika mkono.

"Hukugundua, eh?" alisema, uso umemng'aa. "Ulipokuwa hospitali niliingia bandani. Usigombe! Niliona mafuta yako yapo chini ya alama, nikasema mzee wangu atakuja na fimbo yake, atainamaje? Nikajaza. Kopo jipya kabisa, lile la gari langu, hata halikuwa limefunguliwa. Nimekaa na siri hiyo mpaka leo."

Orry alimtazama. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuuona uso ule ukimwangalia kwa ajili ya pikipiki, na neno moja tu lingeuvunja. Akauacha ung'ae. Haikuwa kwa kitambo kirefu. Kisha akamkumbuka Illiam, akauchomoa mkono wake, akaanza kujikokota kwa fimbo kumfuata Quirk, mwenye redio ya kuita wasimamizi wa vituo vya barabarani, waliyesoma naye darasa moja.

"Msimamishe Illiam. Bendera nyeusi."

"Umeanza wivu, Kinvig? Kijana anapendeza pale juu."

"Mafuta yamechanganywa, Quirk."

Quirk aliacha kucheka. Akaita kituo cha Ballacraine.

"Wanasema amepita sasa hivi. Wanasema inaimba."

"Wale wa mbele!"

Akaita Kirk Michael. Orry alimwona akisikiliza, akakunja uso. "Wamempungia. Alikuwa amebanwa katikati ya wenzake, hakuona."

"Ramsey."

"Subiri, Orry."

"Waite Ramsey!"

Ramsey walisema hajafika. Baadaye wakasema bado. Zile alizoondoka nazo zikapita Ramsey, zikapanda mlimani, na Ramsey wakasema bado. Nyonga ya Orry ilimuuma mpaka akatokwa jasho, lakini hakuketi. Fundi aliyezibua nusu ya mabomba ya kisiwa hiki alikuwa amesimama na fimbo mkononi, asiyeweza kukimbia, asiyeweza kuita, barabara yote imefungwa mbele yake. Mona alikuja taratibu akasimama karibu yake na kikombe cha chai, akauliza kuna nini; Orry akazidi kuitegea redio sikio. Chai ikapoa mkononi mwake.

Mwishowe redio ilikoroma. Quirk alisikiliza kwa muda mrefu kuliko Orry alivyoweza kustahimili.

"Mzima," alisema. "Injini ilikwama, tairi la nyuma likajifunga akatupwa kwenye majani. Ni bega tu, Orry. Kijana ni mzima." Na kwa sababu roho ilikuwa imemrudi, akaropoka kwa sauti wakasikia wote waliokuwa karibu: "Mpumbavu gani huyo kamwaga mafuta ya gari kwenye Norton?"

Orry hakugeuka, maana hakutaka kumwona Mona.

Illiam alirudi kwa gari la kubebea pikipiki, mkono umefungwa shingoni. "Mjomba, uliniambia nisirudi," alisema, lakini hata yeye hakuwa na nguvu ya kuucheka utani wake. Norton ililala nyuma yake. Chuma kinachoshika pistoni kilikuwa kimekatika kikapasua ubavu wa injini kikatokea nje, na tundu lilikuwa palepale ilipogongwa namba. Mona ndiye aliyesaidia kuishusha, kwa kuwa mumewe hawezi kuinama na kijana ana mkono mmoja. Mafuta meusi mazito yalimchuruzikia hadi kwenye viwiko. Waliporudi, darajani walipita bila kusalimia.

Nyumbani, Orry alichelewa kuingia. Alisimama mlangoni mwa banda akitafuta maneno, akakuta kila neno linaishia kwake mwenyewe. Alipoingia jikoni, Mona alikuwa kwenye lile bomba linalovuja, anasugua mikono kwa brashi ya sakafu mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

"Ulinikataza tu," alisema bila kugeuka. "Hukuniambia kwa nini."

"Sikukuambia."

"Ningemuua mtoto wa watu."

"Mona, acha brashi."

Akaendelea kusugua. Jikoni kote kulinukia mbarika, harufu aliyoipenda Orry kuliko zote za dunia hii. Mona akainua mikono puani akainusa, akaanza kulia.

"Haitoki, Orry. Nimeosha na kuosha, haitoki."

Orry alijua hivyo kuliko mtu yeyote kisiwani. Aliegemeza fimbo mezani, akachukua kipande cha sabuni, akamshika mikono.

"Itatoka," alisema.