Bunduki Yenye Springi Ngumu

Muuza bunduki za upepo pale Mbinga aliniuliza, "Kaka, unapiga ukiwa umesimama au umeegemea?" Sikuwa nimewahi kushika bunduki, lakini nikajibu, "Vyovyote! Nipe yenye springi ngumu kuliko zote." Akanionya kwamba inataka mikono iliyozoea. Nikamcheka.

Jumamosi nikaipeleka Lipingo kwa wakwe zangu, ambako ndege walikuwa wanamaliza mpunga. Familia nzima ikatoka kutazama. Ili kuikoki, lazima ukunje mtutu mpaka springi ibane. Nikakunja kwa mikono, kwa goti, mpaka jasho likanitoka. Haukusogea.

Mama mkwe akatua ungo wake, akaikoki mara moja, akanirudishia.

"Haya, baba, piga."

Nikalenga. Shemeji yangu akaniinamia sikioni.

"Shemeji, umefumba macho yote mawili."