Tangi Lililokuwa Zamu Yangu

Mwanangu, siku ile ya kikao bado naiona vizuri, ingawa macho haya sasa yanahitaji miwani hata kumtambua mbuzi.

Nilikuwa kijana, kibarua kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo upande wa Hombolo. Mwenzetu Yohana aliingia kwenye tangi tupu kulisugua, akaanguka. Zabibu zikichacha huacha hewa nzito isiyoonekana, na hiyo ndiyo iliyomlaza. Tulimvuta kwa kamba, akazinduka. Tangi la pili lilikuwa la kusuguliwa kesho yake, na zamu ilikuwa yangu.

Msimamizi wetu, Mama Neema, akatuita kikaoni. Yakasemwa mengi, yote ya maana: mabango ya hatari, glavu, taa, mafunzo, feni ya kupulizia matangi. Tukakubaliana kuanza na mabango, maana rangi ilikuwapo stoo. Watu wakaanza kuvuta viti waondoke.

“Kaeni,” akasema Mama Neema. “Kati ya haya, lipi tukiliacha leo, kesho litatuulia mtu?”

Mimi nikatazama viatu vyangu.

“Basi haingii mtu tangini mpaka feni ifike. Vifuniko vyote vifungwe kwa kufuli sasa hivi.”

“Mama, zabibu za watu zimejaa uani,” akasema mtunza stoo. “Bila matangi safi hatuna pa kuzitia, zitaoza na jua hili.”

“Na zangu zimo humo humo. Zioze.”

Loo! Jasho lake la mwaka mzima! Sijapata kumwona mtu akiamua hivyo bila hata kupandisha sauti. Kisha akarudi kwenye yale mengine, kila moja likapewa mtu wake na siku yake, mabango yakawa mwisho.

Asubuhi akaniita kwenye tangi langu, akafungua kifuniko, akateremsha mshumaa unaowaka kwa waya. Haukufika hata katikati, ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena, na upepo haukuwapo; ni ile hewa nzito. Saa ile ndiyo ningekuwa chini nikisugua.

Mwanangu, jambo baya likitokea kazini mtaona mengi ya kurekebisha, na mkono utakimbilia lililo jepesi. Uzuie. Tafuta kwanza lile linaloweza kumwangusha mwenzako kesho, ulifanye hata kama litakuuma, ndipo mengine uyagawe. Mungu akupe moyo wa namna hiyo, na kila utakayemtuma kazini arudi jioni ale ugali na wanawe.