Kuni za Mjane

Mjane yule haamini ukuni kwa macho tu. Hutazama nyufa za ncha yake, hubandua gome kwa ukucha, kisha hugonganisha kuni mbili karibu na sikio. Zikilia ko, huingia ndani. Zikilia bu, hurudi uani kungoja jua. Asubuhi moja ya baridi kali, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimletea mkokoteni wa kuni, pamoja na neno alilokuwa amelipanga njia nzima: ahamie kwake, kwani kuchanja kuni si kazi ya mwanamke aliye peke yake. Mjane alichukua mbili akazigonganisha.

“Mbichi hizi, shemeji. Zitanitoa machozi, na yangu yote nilimlilia kaka yako.”

“Baridi itakushinda.”

Mjane alisimamisha gogo lake mwenyewe, kavu. Alitema mate kwenye viganja vilivyojaa sugu, akainua shoka, na gogo likapasuka kwa pigo moja. Moto alioukoka ndani haukutoa moshi. Shemeji alisogea, akavua koti, halafu sweta. Alipoaga, mjane alimsindikiza hadi mlangoni.

“Baridi ikiwazidi huko kwenu,” alimwambia, “mlete mkeo na watoto. Nafasi ipo.”