Niliruka Mwaka Mzima kwa Pini

Nimewahi kuruka mwaka mzima kwa pini moja. Kurudi ndiko kulinishinda.

Msicheke kwanza.

Baba ni fundi saa. Mimi nilikuwa nang'arisha makasha na kuwachangamsha wateja, maana mdomo ninao.

Siri ya duka tuliijua wawili tu: mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka.

Akaja rubani mstaafu na saa yake. Ijumaa jioni aichukue, Jumamosi anaozesha binti.

Hiyo saa sasa. Kasha la platinamu, kioo cha yakuti, uso wa buluu uliochomwa tanuruni. Inajua mwezi upi una thelathini, inajua hadi Februari ya mwaka mrefu. Mimi mwenyewe huwa nachungulia simu.

Baba akaisafisha siku mbili, viwiko kavibana mezani. Jumatano akatoka kidogo.

"Mama, usiiguse," akaniambia.

Nikaigusa.

Ilikuwa imelala tarehe saba, na siku hiyo ni tisa Juni. Ubavuni ina kitufe cha kubonyeza kwa pini. Bonyeza, bonyeza... kumi na moja. Nimepitiliza.

Nikasema si tabu, saa za kawaida unazungusha tu mpaka irudi.

Nikazungusha. Tisa, lakini Julai.

Jasho. Nikaendelea, mwezi baada ya mwezi, kidole kikaota sugu. Hatimaye tisa Juni!

Alhamisi. Ya mwaka unaofuata.

Baba aliporudi aliitazama, akavuta kiti.

"Hii hairudi nyuma, mama. Ikitangulia, unaisimamisha, unaisubiri."

"Nilipitiliza siku mbili tu, baba."

"Ungeiacha hapo hapo. Ijumaa ni kumi na moja, mwenyewe angeikuta iko sawa."

Nilikosa pa kuuweka uso.

"Si uifungue?"

Akatazama vidole vyake. "Zamani, ndiyo."

Ijumaa rubani akaingia, duka lina wateja wengine wawili. Nilikuwa nimejipanga kusema. Baba akaniwahi.

"Nimeikosea mimi. Mikono imezeeka. Itasimama mwaka mmoja."

Akaiweka mikono juu ya kaunta. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Rubani aliichukua saa imesimama, akaenda harusini mkono mtupu. Wale wawili wakaomba saa zao hapo hapo. Mwezi haukuisha, rafu ikawa nyeupe. Tukafunga.

Mwaka ukapita. Alhamisi, tisa Juni, nikampigia rubani, akaja nyumbani na saa. Nikaijaza ufunguo. Siku, tarehe, mwezi, mwaka: vyote kweli.

Nikamwambia ukweli.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Siku ile mikono ya mzee ilitulia tuli pale kaunta. Aliyekuwa anatetemeka ni wewe, binti."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mzee alinitazama kama anayeniomba. Ningesemaje?"

Nikamrudishia saa yake.

Kutoka chumba cha pili baba aliuliza ni nani. Kikombe chake siku hizi tunakijaza nusu, kisimwagike.

Ndugu yangu, ukikosea kidogo, weka pini chini. Ita mwenye kujua. Saa ile ilisubiriwa mwaka ikawa sawa. Mikono ya baba sijui niisubiri hadi tarehe gani.