Ng'ombe wa Kabula

Juzi mjukuu wangu wa kike, Kabula, ambaye hapa Dutwa hana mfano, alipiga kelele simu mkononi. Kwenye mchezo wake wa simu yeye ni shujaa wa mkuki, na anacheza na watu wa mbali asiowajua.

"Bibi, nimepewa ng'ombe wa dhahabu! Kwa kuingia kila siku tu!"

Nilishtuka. Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu mtoni, tukicheza kaya, mchezo wa baba na mama. Udongo ulinukia mvua, kengele za ng'ombe zikilia ng'ambo. Masanja wa jirani alifinyanga ng'ombe, akawapanga mbele yangu.

"Wako hao."

Nikajua ni mahari, nimeshaolewa. Niliwabeba mbio hadi kwa mama aliyekuwa akichuma pamba, nikilia kwamba sitaki kuhama kwetu.

Mama aliwatazama. "Hata pembe hawana! Kwa hawa simtoi mtu. Warudishe."

Nikawarudisha, nikabaki kwetu.

Leo najua ulikuwa udongo tu. Lakini hawa wa Kabula siwaelewi. Hawashikiki, na aliyewatoa simwoni.

"Warudishe," nilimwambia.

"Bibi, hawarudishwi!"

Haya. Nilivuta kigoda, nikakaa mlangoni. Mwenye ng'ombe wake akija, atanikuta.